Bei ya Macho, Bei ya Chuma

Chukua sumaku ndogo, ile ya kubandika karatasi kwenye friji, uende nayo popote penye malori makuukuu yanayouzwa. Usiulize bei kwanza. Pitisha sumaku chini ya mlango, kwenye kona za kebini, kando ya kioo cha mbele, juu ya madigadi. Kuna mahali itashika kwa nguvu hadi uing'oe. Kuna mahali itateleza ianguke miguuni pako, na rangi ya hapo inang'aa sawasawa na ya kwingine. Hapo ulipodhani kuna chuma hakuna chuma. Kuna fila, na nyuma ya fila, mara nyingi, kuna wavu wa waya, au kadibodi, au gazeti la mwaka fulani lililokunjwa likasukumwa ndani.

Swali langu ni kama hapo kuna mtu amedanganywa, na kama ndiyo, amedanganywa na nani. Linaonekana swali rahisi. Nimekaa nalo miezi kadhaa na kila nikilishika upande mmoja linaponyoka upande mwingine. Naliandika hapa pia kwa sababu nimechoka kusikia maadili yakijadiliwa kana kwamba ni mambo ya wabunge na wahubiri peke yao. Mlango wa lori nao una maadili yake, na wengi wetu tunaishi karibu na mlango wa lori kuliko karibu na Bunge.

Hebu tuanze na kutu yenyewe. Wengi tunaichukulia kama uchafu, kitu kilichotoka nje kikaja kukaa juu ya chuma, kwamba ukisugua vizuri kitaondoka na chuma kibaki. Sivyo. Kutu ni chuma chenyewe kikiwa kimeshikana na oksijeni na maji. Bati la kebini ya lori lina unene wa milimita 1 hivi, na kila chembe inayogeuka kutu ni chembe ambayo haipo tena kazini. Kutu huchukua nafasi zaidi ya maradufu ya chuma kilichoizaa, ndiyo maana rangi huvimba kabla ya kupasuka. Ukiona kipele kwenye rangi, jua ndani kuna shughuli iliyoanza zamani. Tena kutu ina matundu kama mkate, haizuii maji kupita. Alumini ikishikwa na hewa hujifunika utando mwembamba unaoilinda. Chuma hakina bahati hiyo, kinaendelea kuliwa mpaka kiishe.

Na huku kwetu Mombasa kinaliwa mbio. Hewa ya bahari ina chumvi, na maji yenye chumvi hupitisha vizuri ule umeme mdogo wa kikemia ambao ndio injini ya kutu. Maji huingia kwa raba ya kioo cha mbele iliyokauka, yanashuka ndani ya nguzo, yanatulia kwenye kona za chini ambako jua halifiki. Chini ya milango kuna vitundu vya kutolea maji. Vikizibwa na vumbi na majani, mlango unakuwa ndoo. Sakafu inaliwa kutoka juu na kutoka chini: juu kuna zulia la raba linaloshika unyevu kama blanketi, chini kuna matope ya barabarani. Kwa hiyo ukiona lori la pwani limeng'aa kama jipya, swali la kwanza si kwamba limetunzwa na nani. Ni kwamba limefunikwa na nani.

Gereji ninayoizungumzia iko Changamwe. Nilianza kwenda pale kwa sababu ya kazi, nitaieleza mbele. Fundi wa bodi pale ni mzee wa miaka 60 na kitu, kazi ameifanya tangu kabla mamangu hajaolewa, na hataki jina lake liandikwe popote. Nitamwita fundi tu. Siku hizo mbele yake palikuwa na Bedford ya pua ndefu, aina ya TJ, ambayo Waingereza walianza kuitoa 1958. Hiyo ilikuwa ya miaka ya baadaye kidogo, lakini bado ni mzee kuliko fundi mwenyewe alivyokuwa alipoanza kazi. Ilikuwa imebeba mawe ya matumbawe miaka na miaka kutoka machimbo ya upande wa Kilifi. Mwenyewe alitaka kuiuza.

Fundi alimpa bei mbili. Shilingi 15,000 na shilingi 70,000. Ya kwanza aliiita bei ya macho, ya pili bei ya chuma. Sikuwahi kusikia mtu mwingine akitumia maneno hayo, na tangu siku hiyo siwezi kupita dukani bila kuyafikiria.

Kabla hujakimbilia kuhukumu, elewa kwamba fila si dhambi. Hata ile kazi ya 70,000 ilikuwa na fila ndani yake. Baada ya kukata, kuchomelea na kupiga nyundo, bati haliwi laini kama kioo, kwa hiyo fundi hupaka fila nyembamba, milimita 2 au 3, akaipiga msasa, ikabaki kwenye mabonde tu. Kisha praima, kisha rangi. Kazi yote ya chuma inafunikwa. Ukisema kufunika ni kudanganya, basi kila nyumba iliyopigwa plasta ni uongo, na kila mtu aliyevaa nguo pia. Fila iliyo juu ya chuma kizima inasema ukweli: inakuonyesha umbo la kitu kilichopo. Fila iliyo juu ya tundu inakuonyesha umbo la kitu ambacho hakipo. Ni udongo uleule, mkono uleule, kopo lilelile lenye hadena yake nyekundu. Kinachobadilika ni kile kilicho nyuma.

Umbo la kebini ni kama jibu. Mtu anapogonga mlango kwa kifundo cha kidole, anapokanyaga ngazi, anauliza: upo? Na umbo linajibu, nipo. Nadhani udanganyifu unaanzia hapo, pale jibu linapotolewa kwa niaba ya kitu kilichoondoka. Haihitaji mtu afungue mdomo.

Sasa uone kazi ya chuma inavyofanywa, maana bila hiyo huelewi kwa nini ni ghali. Fundi alianza kwa kuharibu. Alichukua bisibisi kuukuu akaanza kudunga sakafu ya ile Bedford, akisikiliza. Chuma kizima kinarudisha sauti na kinakataa. Kilichooza kinapitisha kama biskuti iliyoloa. Tundu lililoonekana lilikuwa kama sarafu ya shilingi 20. Alipomaliza kudunga na kukata kwa grainda mpaka akafika kwenye bati linalong'aa, lilikuwa limekuwa kama sinia. Mwenye gari alikuwa amesimama pale, akashika kichwa. Alidhani gari lake linavunjwa. Nilimwelewa kabisa. Ukarabati wa kweli, siku ya kwanza, unafanana sana na uharibifu, na ule wa uongo unapendeza tangu asubuhi.

Kisha kadibodi ikakatwa kama kielelezo, ikahamishiwa kwenye bati jipya la geji 20, likakunjwa kingo. Hapo ndipo penye hatari nyingine. Bati jembamba likichomelewa kwa mstari mmoja mrefu linapata joto, linatanuka, halina pa kwenda, linajikunja. Likipoa linavuta. Unapata bati lenye mawimbi, na saa nyingine linakuwa na tumbo linaloruka ndani na nje ukilibonyeza, tup, tup, kama mfuniko wa debe. Kwa hiyo fundi hachomelei mstari. Anaweka kitone hapa, anahamia upande wa pili anaweka kingine, anasubiri kipoe, anarudi katikati. Kazi ya dakika 10 inachukua saa nzima, na robo tatu ya saa hiyo mtu amekaa anangoja chuma kipoe. Ukipita pale utasema huyu mzee mvivu.

Lile bati la mlango lilikuwa limeshapinda kutokana na kazi mbaya ya zamani ya mtu mwingine. Nilidhani dawa ni kulisukuma lirudi mahali pake. Akanicheka. Bati lililotanuka halijahama mahali, limekuwa kubwa kuliko nafasi yake. Ukilisukuma hapa linatokea pale. Inabidi ulipunguze: unalichoma kwa moto wa gesi sehemu ndogo kama sarafu mpaka iwe nyekundu, unagonga polepole pembeni huku kipande cha chuma kizito kikishikwa nyuma yake, halafu unalizima kwa kitambaa cha maji. Linajikaza. Unarudia pahali pengine. Ametumia siku mbili kwa mlango mmoja, na alipomaliza hakuna kilichoonekana. Yaani matokeo ya siku mbili yalikuwa mlango.

Sasa Kiswahili chetu kina ile methali ya ufa na ukuta, kila mtu aliifundishwa darasa la nne. Nimeanza kuiona ina kasoro. Inasema usipoziba, lakini haisemi uzibe na nini. Lori nililolishika kwa sumaku lilikuwa limezibwa kila ufa.

Kitabu kilichonisaidia kufikiria haya ni cha zamani sana. Cicero alikiandika mwaka wa 44 kabla ya Kristo, kuhusu wajibu, akimwandikia mwanawe Marcus aliyekuwa akisoma Athens. (Nilikisoma baada ya kuacha chuo mwaka wa tatu. Hadi leo watu huniuliza lini nitarudi kumalizia digrii, kana kwamba ni tundu la kuziba.) Katika sehemu ya tatu kuna kisa cha mfanyabiashara aliyetoka Alexandria na meli ya nafaka akafika kisiwa cha Rhodes wakati wa njaa. Bei iko juu. Yeye anajua kwamba njiani ameona meli nyingine nyingi za nafaka zikija. Je, awaambie watu wa Rhodes, au anyamaze auze kwa bei ya njaa?

Cicero anawaleta wanafalsafa wawili wa Stoa wabishane: Diogenes wa Babeli na mwanafunzi wake Antipater. Diogenes anasema muuzaji ataje kasoro ambazo sheria inamlazimu kutaja, mengine auze bila hila. Kutosema si sawa na kuficha. Antipater anasema hapana, wewe ni binadamu pamoja na hao, huwezi kuwanyima habari wanayoihitaji ili wewe upate faida. Kisha wanahamia kwenye nyumba: mtu anauza nyumba, yeye peke yake anajua mbao zimeoza na vyumbani kuna wadudu. Diogenes anauliza, kwani amekulazimisha ununue? Anasema hata wanaobandika matangazo kwamba nyumba ni nzuri na imejengwa vyema hawahesabiwi kuwa wadanganyifu. Tena kuna kichekesho kipi kikubwa kuliko mnadi kusimama sokoni akipaza sauti kwamba anauza nyumba yenye maradhi?

Cicero mwenyewe anamuunga mkono Antipater. Mimi nilikuwa sina uhakika, kwa sababu Diogenes ana hoja. Hakuna anayeuza kitu akitaja kila kitu. Ukimuuliza mama mboga kama nyanya zake ni za leo, unajua aina ya jibu utakalopata, na bado unamwita mama na unarudi kesho.

Basi nikampelekea fundi kisa cha Rhodes, tukiwa tunangoja bati lipoe. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja: "Hiyo nafaka yake, ilikuwa nzima?"

Nikamwambia ndiyo, kitabu hakisemi vingine.

"Basi kijana, huyo hana kesi kubwa. Mzigo wake ni mzuri, ameficha habari tu. Sisi huku twaficha mzigo."

Akaniambia kuna kisa anakijua tangu madrasa, cha Mtume kupita sokoni akatia mkono ndani ya rundo la chakula, juu kukavu, ndani vidole vikakuta unyevu. Mwenye rundo akajitetea kwamba ni mvua. Akaulizwa kwa nini basi hakuweka kilicholowa juu watu wakione. Fundi alisimulia hivyo tu, akarudi kwa moto wake. Mimi nilibaki nikifikiria ule mkono. Wanafalsafa wawili wanabishana juu ya maneno, kusema na kutosema, na huyu anaingiza mkono ndani ya rundo. Ndiyo sumaku yenyewe.

Nakubaliana na fundi kwamba visa hivi ni tofauti, na nadhani Diogenes anashinda katika kile cha Rhodes kwa kiasi fulani na anashindwa kabisa katika kile cha nyumba. Lakini kuna kitu ambacho wote watatu, pamoja na Cicero, hawakukigusa. Kwao kuna muuzaji na mnunuzi. Aliyeipaka ile nyumba chokaa yuko wapi? Kati ya mwenye lori na mnunuzi kuna mkono wa tatu, ambao haumiliki gari, haupati faida ya mauzo, haumjui mnunuzi, na ndio uliochanganya fila.

Mkono huo una utetezi wake, na niliusikia kwa mafundi wengi, si wa Changamwe peke yake. Wa kwanza: mimi nimetumwa. Wa pili: gari si langu, anayeuza ndiye aseme. Wa tatu, na ndio wenye nguvu: nikikataa ataenda kwa jirani, kazi itafanyika vilevile, na mimi watoto wangu hawataenda shule. Vijana wenzangu mnaosoma hapa, msijifanye hamjui utetezi huo. Wengi wetu tunaandika, tunachora, tunahariri picha, tunaendesha kurasa za watu mitandaoni kwa mkataba wa wiki moja. Tumetumwa. Si zetu. Tukikataa kuna wengine mia wanangoja.

Wa kwanza na wa pili naviona dhaifu. Ukijua fila hiyo inaenda kusema uongo na wewe ndiye uliyeitengeneza iweze kuusema, kutumwa hakukutoi nje. Wa tatu siwezi kuutupa hivi hivi. Ni kweli lori litazibwa. Ni kweli tofauti pekee itakayokuwapo duniani ni 15,000 kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine. Anayemwambia fundi mwenye njaa akatae, huku yeye ana mshahara, anajinunulia usafi kwa pesa za mwenzake.

Lakini hoja hiyo ina kitu imekiacha nje. Inahesabu fundi, jirani, muuzaji na mnunuzi. Wote hao wako mezani. Mnunuzi anaweza kuja na mekanika wake, anaweza kuja na sumaku, anaweza kukataa. Kijana mmoja ninayemfahamu hakuwa mezani. Alikuwa tanboi wa lori, si hiyo Bedford, jingine, lililonunuliwa limeng'aa. Mvua za masika zilipita mara moja. Alikuwa amesimama kwenye ngazi ya mlango lori likitambaa kwenye foleni, anaongea na dereva kupitia dirishani, ngazi ikakatika pale inapoungana na kebini. Mguu ulipita ndani ya bati lililochanika. Hakufa. Alikaa nyumbani miezi miwili, na tanboi akikaa nyumbani halipwi. Ndani ya ile ngazi kulikuwa na fila na wavu wa kuku.

Yeye hakuona tangazo, hakukubaliana bei, hakusaini logbuku. Alikanyaga tu. Sheria yetu inamjali mnunuzi kwa namna yake: Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa mlaji haki ya bidhaa za ubora unaofaa na ya kupata habari. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 31, tuliyoirithi kwa Waingereza, ina kipengele kwamba ukikagua mali kabla ya kununua, huwezi kulalamikia baadaye kasoro ambayo ukaguzi ulipaswa kuionyesha. Ni sawa, ila fila kazi yake ni kuushinda ukaguzi. Na vyote hivyo ni kati ya watu wa mezani. Tanboi anakutana na ule uongo akiwa na uzito wa mwili wake wote juu yake.

Tena uongo wa fila haukai kama ulivyowekwa. Fila inanyonya unyevu, na pale ilipopakwa juu ya kutu, kutu inaendelea kufanya kazi gizani, pengine kwa raha zaidi kwa sababu hakuna anayeiona. Siku ya mauzo tundu lilikuwa la sinia. Masika yakipita, hujui. Kwa hiyo hata yule fundi aliyepima akilini mwake kwamba "hapa si hatari" alipima hatari ya siku hiyo.

Najua utaniambia: bro, watu hawana 70,000. Hii habari ya chuma safi ni anasa ya wenye pesa. Nimefikiria sana juu ya hilo, na sidhani ni kweli. Nenda barabara ya Nairobi usimame pale Mariakani uangalie malori. Utaona kebini zenye viraka vya wazi, bati limekatwa likapigwa ribiti juu ya tundu, halikupakwa hata rangi ya kufanana. Kiraka cha namna hiyo hakifikii bei ya kazi ya chuma, saa nyingine hakifikii hata bei ya fila. Kinabeba mguu. Kinasema hadharani, hapa palikuwa na tundu. Kwa hiyo chaguo halikuwa kati ya ukweli ghali na uongo rahisi. Ukweli rahisi upo, ila ni mbaya kwa sura.

Na sura inaadhibiwa na nani? Na sisi. Weka malori mawili, moja lina kiraka cha ribiti sakafuni, jingine limepakwa likang'aa. La kiraka tunalipunguzia bei, tunasema limechoka. Linalong'aa tunaongeza, tunasema limetunzwa. Tunamlipa anayeficha na kumtoza faini anayeonyesha, halafu tunashangaa mafundi wamejaa makopo ya fila. Fundi aliniambia wateja wanaomwomba kiraka cha wazi ni wale wasiouza. Anayeitumia gari yake mwenyewe anataka kujua iko wapi dhaifu.

Utashangaa basi ile Bedford iliishia wapi. Mwenyewe hakuwa na 70,000. Wakabishana asubuhi nzima, chai ikaletwa, wakafika mahali. Fundi alikubali kupiga fila boneti, madigadi na ukingo wa paa, kwa bei ya macho. Sakafu, ngazi, miguu ya viti na bawaba za milango alikataa katakata kuzigusa ila kwa chuma. "Pale mtu anapokanyaga sitii udongo," alisema. Mwenye gari akaongeza pesa kidogo, si zote, fundi akala hasara ya siku yake ya mlango.

Antipater asingeridhika. Madigadi bado yanadanganya, na lori linalong'aa kote linamfanya mnunuzi aamini zaidi kuliko inavyostahili. Sina jibu la kumshinda. Naona tu kwamba fundi alikuwa amechora mstari mahali ambapo wale wa vitabuni hawakuuchora, kati ya uongo utakaomgharimu mtu pesa na ule utakaomgharimu mguu, na aliuchora akiwa na cha kupoteza. Kuhusu pesa ya mnunuzi tunaweza kuendelea kubishana. Chini ya sakafu, kwa njia, hakupaka rangi. Alipaka praima ya kijivu peke yake akaacha mistari ya kuchomelea ionekane, na ukilala chini ya lori unaiona yote, vitone kwa vitone.

Nilisema nitaeleza kilichonipeleka pale. Mimi huandika matangazo ya magari ya kuuza mtandaoni, maneno 80 kwa picha sita. Mwenye Bedford alinipa kazi hiyo. Niliandika injini, mwaka, tani, matairi, na sentensi moja: sakafu na ngazi zimebadilishwa chuma, madigadi yana fila, njoo uangalie mwenyewe. Akaniomba niitoe sehemu ya madigadi. Nikamwambia anaweza kuitoa yeye, simu ni yake. Akaitoa, akanilipa nusu. Sentensi ya sakafu aliiacha, na naambiwa ndiyo iliyomleta mnunuzi wa kwanza kupiga simu, ingawa huyo hakununua.

Wiki iliyofuata nilipata Probox. Nilimwomba mwenyewe ainue zulia la nyuma kabla sijaandika neno. Akaniuliza kama mimi ni mwandishi au nimetumwa na NTSA, lakini akaliinua.